Siku Mama Alipokuwa Kipimo cha Kigari

Jiwe nililitoa mimi. Naanza na hilo, usije ukafika mwisho ukadhani lilijitoa lenyewe. Lilikuwa limezuia gurudumu la nyuma la kigari chekundu cha mashindano, kwenye mteremko wa mtaa wetu pale Iringa, na ndani ya kigari alikuwa amekaa mama yangu mzazi, amefungwa mikanda kama mzigo wa lori la Zambia. Nililisukuma kwa mguu. Nilitaka watu wacheke.

Na wewe usinicheke nikisema "enzi zile". Najua niko kidato cha tatu na ndevu zangu bado zinapiga kura kama zitoke au zisitoke. Lakini hapa Mbeya, nyuma ya bweni letu, kuna fundi wa matrela. Akiwasha moto wa kuchomelea, harufu ya bati linaloungua inavuka ukuta mpaka darasani. Mwalimu wa historia anaendelea na vita vyake, wenzangu wanasinzia. Mimi nimesharudi darasa la sita, kwenye gereji ya mjomba.

Gereji lilikuwa jina la heshima tu. Kwa kweli ulikuwa uwanja wa mbele ya nyumba yetu: nguzo nne, mabati juu, na mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo kama mbwa mkali. Upande huu mjomba anagonga nyundo, upande ule mama anachambua nyanya alizozifuata Ilula, zilizopasuka huku, ngumu kule. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio, tunakunywa uji wa ulezi tukiwa tumesimama. Kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa kuosha vyuma vya gari kwenye karai la mafuta ya taa. Mikono ilinuka mpaka ugali ukanuka. Bibi alikuwa akisema, "Huyu mtoto msimpitishe karibu na jiko, atawaka."

Kigari kilikuwa cha mzungu mmoja mkulima wa tumbaku, mtu mrefu ajabu, akiingia ndani anajikunja kama kisu cha mfukoni. Alikuwa amenunua viti vya mashindano, vinene, vyenye mabega. Tatizo ni kwamba akikalia kile kiti na kofia ngumu kichwani, kofia inagonga paa. Mjomba akalizunguka gari mara mbili, akasema paa hapandishi ng'o, litafanana na banda la kuku. Sakafu ndiyo itashuka.

Basi akaikata ile sakafu kwa tindo, upande wa dereva. Akapasua pipa la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo siku nzima mpaka majirani wakaumwa vichwa, akalikunja likawa kama sinia kubwa lenye kingo, akalipachika chini ya gari, vidole vinne chini zaidi ya pale sakafu ya zamani ilipokuwa. Hakulichomelea lote. Alilishikiza pembe nne tu, vidoa vinne vya moto, akaweka kiti juu yake, kwanza ahakikishe kimo.

Kimo cha nani sasa? Mzungu alikuwa ameenda huku Mbeya, angerudi Jumamosi kulichukua gari tayari kwa mashindano. Lakini kabla hajaondoka mjomba alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango akaweka alama ya mkaa juu ya kichwa chake. Mama akapita pale na tenga la nyanya mkononi, na ile alama ikalingana na utosi wake sawasawa, kilemba tu ndicho kilichozidi.

"Dada," mjomba akaita, "hebu njoo ukae humu kidogo."

"Nikae kwenye hilo jeneza la bati?"

"Kipimo tu, dada."

"Na hicho chungu nacho nivae?"

"Ndiyo kofia yenyewe. Vua kilemba kwanza."

Mama akaingia, mguu mmoja, mguu wa pili, akilalamika kwa Kihehe maneno ambayo bibi alituziba masikio tusiyasikie. Mjomba akamfunga mikanda yote, maana mtu asipofungwa hakai wima na kipimo kinadanganya. Majirani walishajaa. Muuza maandazi akapiga kelele, "Mama, ukifika Mbeya tuletee mchele wa Kyela!" Watu wakavunjika mbavu. Mama naye akainua mkono akawapungia, kichwa kikubwa kama boga.

Hapo mjomba akaingia ndani kutafuta kipande cha chaki.

Sasa mimi, rafiki yangu, nilikuwa ndiye mchekeshaji wa mtaa. Siwezi kumwachia muuza maandazi sifa zangu. Nikaona breki ya mkono imevutwa juu. Nikasema, nikitoa jiwe gari litashtuka kidogo tu, mama atapiga yowe, watu watacheka wiki nzima. Nikalisukuma.

Kigari hakikushtuka. Kilienda.

Nikatazama chini. Ndani ya karai langu, kwenye mafuta ya taa, kebo ya breki ya mkono ilikuwa imejikunja kama nyoka anayeoga. Niliiosha mwenyewe mchana ule! Mjomba aliifungua ili sakafu ipite, na breki ya mguu nayo alikuwa bado hajairudishia mabomba yake. Kile kigari hakikuwa na breki hata ya kusimamisha kuku.

Nikakimbia. Mtaa wetu unashuka moja kwa moja hadi barabara ya lami, na kwenye lami malori yalikuwa yakipanda kilima yakinguruma. Nilikuwa naliona moja, na trela lake, likija taratibu kukutana na mama yangu. Wanawake wa bombani wakatupa ndoo. Mbuzi akaruka. Kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba mama hakupiga yowe. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama anashika ungo, akakwepa bomba, akakwepa mtoto, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Mimi ndiye niliyekuwa napiga yowe.

Karibu na lami vile vidoa viwili vya mbele vikaachia. Pua ya sakafu ikadondoka, ikachimba changarawe kama jembe la ng'ombe, cheche na vumbi, kigari kikazunguka kikasimama kimeipa lami ubavu. Lori likapita mbele yake likipiga honi ndefu.

Nilifika wa kwanza. Kiti kilikuwa kimelala chini kwenye changarawe, na mama alikuwa ananing'inia kwenye mikanda, kofia imeinama kifuani. Hakusogea. Hata leo, moto wa yule fundi wa matrela ukilia tu, nasimama tena pale mlangoni mwa kigari nikisubiri ile kofia iinuke.

Sasa hivi ukienda pale mtaani utakuta nyumba ya wapangaji. Mjomba yuko mbali, anachomelea mabehewa. Mzungu alishiriki mashindano yake, kwa sakafu iliyochomelewa upya kuzunguka kote, akafika wa mwisho na kichwa kizima, kisha akauza kila kitu akaondoka. Bibi tulimzika. Muuza maandazi alihama, na sijapata tena andazi lenye iliki namna ile. Mama yupo, bado anafuata nyanya Ilula, ila haketi tena kiti cha mbele cha gari lolote, na mimi siku hizi kabla sijatania nachungulia kwanza kama kuna karai karibu. Wenzangu wanasema nimezeeka.

Kofia iliinuka. Mama akakohoa vumbi, akatazama paa, akalipapasa kwa kiganja, akanigeukia. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Kamwambie mjomba wako kichwa hakikugusa. Na wewe nilikuona kwenye kioo. Nifungue mikanda kwanza, ndipo ukimbie."