Mbao Mbili za Kukanyagia

Paa la eterniti, yale mabamba ya kijivu ya nyumba za zamani hapa Likasi, linadanganya. Kutoka chini unaona lingebeba ng'ombe. Ukilikanyaga, linakatika kama biskuti. Ndiyo maana sisi mafundi hulaza mbao mbili juu ya mihimili: unasimama kwenye moja, unasogeza nyingine mbele. Kabla ya kuhamisha mguu nazihesabu, moja, mbili, kisha narudia, kwa kuwa kuhesabu ni bure.

Siku ile mdogo wangu alikuwa juu ya nyumba moja ya mtaa wa Kikula. Bosi wetu akaja na kamioneti, gari lake dogo la mizigo, akazichukua mbao zote mbili kwa ajili ya jengo lake lingine. Akamwambia amalizie kwa kukanyaga vichwa vya misumari, maana kila msumari una mhimili chini yake. Mdogo wangu akatii. Msumari mmoja ulikuwa umeukosa mhimili.

Aliangukia sakafu ya sementi, nyonga ikavunjika. Jioni hiyohiyo bosi alishaeneza kwamba alipanda amelewa. Mdogo wangu, mtu wa maombi, ambaye hata harusini hunywa chai! Nyonga iliunga, imepinda kidogo. Jina halikuunga. Hakuna aliyempa tena hata banda la kuku.

Sikugombana. Nilisubiri mvua, kwa sababu nyumba ya bosi nayo ni ya eterniti. Ilipoanza kumvujia kitandani, nilikuwa nimeshapita kwa mafundi wote kuwaomba wasipatikane. Hawakupatikana. Mmoja alisingizia msiba wa mama mkwe, naye mama mkwe yuko sokoni anauza unga.

Mwisho bosi akaja kwangu, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri. Akataja bei, akaipandisha mwenyewe. Nikamwambia tutaelewana kwake, uani. Majirani walikuwa wamejaa; niliwaalika. Nikaegemeza ngazi ukutani.

"Patroni, panda weye mbele. Tembea juu ya misumari."

Alicheka, akaona sicheki, akapanda. Kifua kilipofika ukingoni mwa paa, akasimama.

"Bila mbao? Minye siko mukichaa."

"Basi mudogo yangu alikuwa nini?"

Akatazama chini. Ngazi nilikuwa nimeishika mimi, na nilimwacha alifikirie hilo kwa muda wa kutosha.

"Ni minye nilikamata mbao," akasema. "Yeye hakukunywaka."

"Sema tena, patroni. Bale ba nyuma habakusikia."

Akasema tena, kwa sauti ya kuhubiri.

Kesho yake tulilitengeneza lile paa. Mdogo wangu alikaa uani kwenye kiti cha bosi, akielekeza, na bosi ndiye aliyebeba mbao na kuzipandisha. Kila alipozilaza, mdogo wangu alimwambia azisogeze kidogo kulia. Kisha azirudishe.