Nyumba Isiyo na Pua

Mwanangu, kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kumshitaki mwenye nyumba kwa kutoboa ukuta wake mwenyewe. Linanirudia kila asubuhi nionapo moshi ukipanda juu ya nyumba za hapa kwetu Mushaki. Miaka ilikuwa michache tangu uhuru, nami nilikuwa kijana.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuizunguka nyumba ya mapadri pale misheni, nikiipima kwa uzi na kuandika kila kipimo. Nilikuwa mwoga wa kosa. Niliweza kubomoa mistari mitatu ya matofali kwa sababu ya upenyo usiopitisha hata ukucha. Watu waliona ni bidii. Mimi najua ilikuwa hofu.

Papa Bahati, mkulima wa maharagwe, alinipa kazi ya kumjengea nyumba yeye na mama yake mzee, tuliyemwita Koko. Niliziba kila tundu kati ya ukuta na mabati, kama nilivyoona kwa mapadri. Siku moja Koko alisimama chini ya ngazi yangu.

"Fundi, moshi itapitia wapi?"

"Kwa dirisha, Koko."

"Na baridi ikikuja, dirisha tukifunga?"

Nilicheka tu, nikaendelea kuziba. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi hata nilipoulizwa sikujifunza.

Nyumba ikaisha, nikamkabidhi Papa Bahati, naye akanishukuru. Juma la pili nikapita njiani, nikaona tundu ukutani, juu ya jiko, limekatwa kwa panga, kingo zimemeguka kama mkate uliotafunwa na panya. Mwanangu, niliingia bila hata kupiga hodi.

"Papa Bahati, umeharibu kazi yangu!"

"Kazi yako? Nyumba iko yangu. Mama anakohoa, macho yake inavimba. Weye unalala humu?"

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Butembo alitaka nimjengee duka kule Mpofi, na habari ya lile tundu ilikwisha kumfikia. Alisema angengoja kusikia baraza litasema nini. Basi nikamshitaki Papa Bahati kwa shefu, mkuu wa eneo letu. Nilitaka aamriwe kuliziba tundu na kukiri mbele za watu kwamba kazi yangu haikuwa na kasoro.

Mzee wa baraza la shefu aliyepewa kesi yetu alitusikiliza kidogo, kisha akainuka na fimbo yake. "Hii kesi haiwezi kusikilizwa hapa. Twende kwa ile nyumba."

Tulipofika manyunyu yalikuwa yameanza. Mzee akaagiza tundu lizibwe kwa gunia na dirisha lifungwe. Koko akawasha moto, akateleka maharagwe.

"Fundi, sema maneno yako," mzee akasema. "Tutatoka maharagwe ikiiva."

Unajua maharagwe yanavyochelewa kuiva katika milima hii. Nikaanza kueleza uzi, kipimo, pembe za ukuta. Sikufika mbali. Shahidi niliyekuja naye alitoka kwanza, akifuta macho. Papa Bahati akafuata, kisha mzee mwenyewe, akikohoa huku anacheka. Nikabaki na Koko, aliyekuwa akichochea kuni bila haraka.

"Endelea, fundi. Mimi niko nakusikia. Nyumba yako iko muzuri, ila haiko na pua."

Kikohozi kikanishika, macho yakaniwasha. Nikapanda juu ya kigoda, nikalivuta lile gunia kwa mkono wangu mwenyewe. Moshi ukatoka.

Nje nikamsikia mzee akiwaambia watu, "Fundi amekwisha kuamua kesi. Muende nyumbani."

Ndipo nilipokumbuka kwamba mapadri walipikiwa katika kijumba cha nyuma. Nilikuwa nimepima kila kitu pale misheni isipokuwa mahali pa moto. Kesho yake nilirudi, nikamwuliza Koko anataka tundu liwe wapi, nikalitia fremu ya mbao na kofia ya bati. Duka la Mpofi alipewa fundi mwingine. Sikumlaumu mtu.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimfanyia mtu kazi, yeye ndiye atakayeishi nayo wewe ukiwa umekwenda zako. Akilalamika, usikimbilie kumpeleka barazani. Ingia kwanza, keti pale anapoketi, ngoja maharagwe yaive. Kama umekosea, mwili wako utakuambia kabla ya hakimu. Na kama hukukosea, mtakuwa mmekula pamoja.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilozibika. Nyumba utakazojenga ziwe na moto ndani, na wenye kuota moto huo wakutaje kwa wema.

Mimi bado naogopa makosa, na uzi wangu ningali nao. Ila tangu siku ile sikusanyi vyombo vyangu vya kazi mpaka mwenye nyumba awe amepika humo mara moja, nami nimekaa ndani na mlango umefungwa.