Siku Mwajabu Alipomtoa Mtani Kwenye Grupu

Usiombe Mwajabu awe admini wa grupu lako la wasapu. Sisi tunaosoma uhasibu chuo kimoja huko Temeke tunaye, na tumenyooka. Ukituma picha ya mwenzako amesinzia darasani, utaifuta mwenyewe. Ukimwaga namba ya mtu bila ruhusa yake, anakufuata mpaka kantini. "Humu tuko mia na kitu, unawajua wote?" anakuuliza, mkono kiunoni. Wapo wanaomwita bwana jela, kwa kuwa anakaa Segerea, jirani na gereza. Mimi nampenda, maana kabla yake grupu lile lilikuwa jalala.

Basi siku moja Gervas, kijana mpole wa viti vya nyuma, akaandika kwamba babu yake aliyemlea amefariki. Zikamiminika pole, zote zinafanana, watu wananakili ya mwenzao na kubandika. Katikati yake akaingia Shomari: "Huyo mzee kafa au kajificha? Alikuwa mvivu wa kusalimia watu, sasa kapata kisingizio."

Noela, ambaye bado anaomboleza baba yake, akaandika kwamba mfiwa haambiwi hivyo. Mwajabu hakuuliza mtu. Akamtoa Shomari, akaandika, "Kejeli msibani hatutaki," nasi tukampigia makofi.

Jioni tulikuwa tunakula chipsi mayai, yeye na mimi, akampigia Gervas kumpa pole, simu kaiweka spika. Akamwambia pia kwamba yule mshenzi ameshashughulikiwa.

"Umemtoa Shomari?" Gervas aliuliza taratibu. "Yule mtani wangu, Mwajabu. Kabila lake na letu tunataniana tangu mababu. Babu aliniambiaga, asipokuja mtani siku ya kumzika, atakuwa kazikwa kama mtu asiye na kwao. Hapa Dar sina mtani mwingine. Nampigia hapokei, kanuna. Na tunazika kesho mchana."

Mwajabu akasukuma sahani. Nilidhani atajitetea, maana ulimi anao, lakini akamrudisha Shomari na kuandika palepale alipomtolea: "Shomari, nimekosea. Nimekutoa bila kumuuliza mfiwa kama ameumia. Nisamehe." Ramani ya nyumbani kwa kina Gervas akamtumia pembeni, si grupuni. Shomari akasoma, asijibu. Roho ilimuuma Mwajabu, na mimi ikaniuma kwa ajili yake.

Kesho yake tulikwenda mazishini Tabata. Gervas alikuwa mkavu, hajatoa chozi tangu msiba uanze, anaangalia njia tu. Jeneza lilipoinuliwa, akatokea Shomari kajifunga kanga kama bibi harusi. Kwanza akamwendea Noela, akamwambia chini chini, "Dada, nisamehe. Ningesema kwanza kwamba sie watani. Yako sikuyajua." Noela akaitikia kwa kichwa.

Kisha akalala chali mlangoni mwa nyumba. "Hapiti mtu," akasema. "Mpaka nipewe kuku. Huyu mzee mwongo, mie namjua, atafufuka njiani atutie hasara."

Akina mama wakaangua kicheko. Gervas naye akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na hapo kicheko kikageuka kilio. Shomari akainuka na vumbi lake, akamkumbatia.

"Lia, mtani," akamwambia. "Ndicho kilichonileta."