Giaboksi ya Gari Lingine

Juzi mtaani Dallas, hapa Embu, niliona giaboksi imelazwa kwenye gunia nje ya gereji. Harufu ya grisi ikanirudisha utotoni, nyumbani kwetu Ishiara.

Mama alikuwa amerudi kwao Kaaga, kule Meru. Baba aliniambia pikapu yake ikipona tutamfuata. Giaboksi ya pikapu ilikuwa imekufa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la aina nyingine, kwa hiyo Fundi Njeru alichonga bamba la chuma la kuiunganisha na injini. Tupa yake ililia juu ya chuma mchana kutwa. Mimi nilivaa gauni la kanisani, nikaketi kiti cha mbele kungoja safari.

"Baba Wanja, shafti haijakaa katikati," fundi alisema. "Itakula meno ya gia."

"Wewe funga tu."

Injini iliwaka. Baba akaingiza gia, chuma kikasaga chuma, kisha kitu kikapasuka na mafuta yakamwagika mchangani.

"Wanja, shuka."

"Na Mama?"

Baba alishuka, akaanza kuyafukia mafuta kwa mchanga. Kwa miaka mingi niliamini ni ile giaboksi iliyotunyima Mama. Lakini basi la Meru lilipita sokoni kwetu kila asubuhi, na Baba hakulipanda hata siku moja.