Kisigino cha MaShozi

Mafuta yanachemka, na MaShozi anatosa magwinya, maandazi ya kwao, moja baada ya jingine, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine ukiwa umefungwa bendeji. Kiti amewekewa. Hakitaki.

"Mama, hayo magwinya hayawaki gizani?" anamchokoza dereva mmoja hapa Umlazi, nje kidogo ya Durban.

"Yakiwaka shukuru, mwanangu. Umeme ukikatika utapata taa!"

Foleni nzima inaangua kicheko. MaShozi, mwenye umri wa miaka 58, hacheki. Amechoka kuulizwa kuhusu mionzi anayodungwa.

Doa jeusi lilimtokea kisiginoni. Kwa watu wa hapa, ugonjwa wa mguu una mtu nyuma yake: umeruka dawa uliyotegewa njiani. MaShozi hakutafuta daktari, alitafuta mchawi, na akamwona palepale: MaNzuza, jirani yake wa biashara. Alimtukana hadharani. Doa likazidi kukua.

Ilipogundulika kuwa ni saratani ya ngozi, ilikuwa imeshafika mapafuni. Hospitali ikamwingiza kwenye utafiti wa dawa yenye mionzi, inayozunguka mwilini ikizisaka seli za saratani na kuzing'ang'ania. Alianza na dozi hafifu, ya kupigia picha, saratani ikaonekana kila ilikojificha. Kisha zikafuata sindano kali, za kuiua.

"Nilionyeshwa adui zangu wote kwenye kioo," anasema. "MaNzuza hakuwemo."

Kila akichomwa, hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Siku hizo karai lake hushikwa na MaNzuza.

"Aliniomba radhi. Nikamwambia apone kwanza, maneno yangu bado ninayo," anasema MaNzuza. "Nikigombana na mgonjwa watu watanionaje?"

"Mgonjwa nani?" MaShozi anamjia juu. "Geuza hayo, yanaungua!"

Madaktari hawamwahidi kitu. Picha ya mwisho inaonyesha uvimbe wa mapafuni umesinyaa, lakini haujaisha. Jumatatu anarudi kuchomwa tena.

Ndugu wanataka harusi ya binti yake isogezwe mapema, angalau mama aione. Amekataa katakata.

"Desemba ni Desemba. Kwani mimi nakwenda wapi? Nitacheza, nitainua mguu huuhuu na kuupiga chini mpaka vumbi liwaingie machoni."

"Ukishamaliza kucheza," anasema MaNzuza, "ndipo tutagombana."

"Utanikuta."