Unga wa Altare: Maisha ya Mama Foleni

Alizaliwa asubuhi ya tarehe kumi na mbili Februari, mtoto wa tano wa mwashi na mkunga. Mama yake alipenda kusema kwamba huyu alizaliwa bila mkunga, maana mkunga mwenyewe ndiye aliyekuwa kitandani. Alibatizwa siku ya nane, akalia toka mlangoni hadi mlangoni, na baba wa ubatizo akasema mtoto huyu Mungu hatapata shida ya kumsikia. Alisoma hadi darasa la saba, akajua kusoma, kuandika na kunyamaza anapoulizwa. Hilo la tatu hakufundishwa na mwalimu, na ndilo lililokaribia kumpoteza. Kanisa halijamtangaza mtu huyu kuwa mtakatifu, na hapa hakuna anayetaka kulitangulia. Yanaandikwa tu yale ambayo Mungu alimtendea, ili ashukuriwe.

Akiwa na miaka ishirini aliolewa na seremala wa parokia, mtu mpole aliyeongea na mbao zaidi kuliko na watu. Mwaka uliofuata Baba Paroko alimkabidhi kazi ya kuoka hostia, mikate myembamba ya Misa, pamoja na wifi yake, dada wa seremala, mjane asiye na maneno mengi. Walipewa chumba kidogo nyuma ya sakristia, chenye meza moja, jiko, na chuma cha kuokea chenye sahani mbili zinazofungana kama kitabu. Wifi alikoroga unga na maji, yeye alimimina kijiko kimoja, akafunga chuma, akahesabu Salamu Maria mbili, akafungua. Ukitoka utando mweupe mwembamba, unalazwa chini ya kitambaa chenye unyevu ulainike usivunjike, kisha unakatwa miduara. Kanuni ilikuwa moja, na katekista aliwakaririsha mpaka waliiota: ngano na maji, basi. Ukichanganya nafaka nyingine, padri atasema maneno yote ya mageuzo na juu ya altare kitabaki kilekile ulichooka, si Mwili wa Kristo.

Ikawa siku tatu kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, askofu akiwa njiani, mwanamke huyu akakuta pipa la ngano limeingia maji. Kifuniko alikisahau wazi yeye mwenyewe, na paa lilivuja palepale. Wifi siku hiyo alikuwa kliniki. Angeweza kwenda kwa Baba Paroko aseme, "Baba, nimefanya uzembe." Aliona aibu. Alichota ngano iliyosalimika, akajazia unga wa mchele nusu kwa nusu, huku moyo ukimwambia wazi anachofanya. Jambo lilikuwa zito, alilijua, na alilitaka. Hayo matatu yakikutana, Kanisa linaita dhambi ya mauti, wala halitafuti jina la kubembeleza. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hostia zilitoka nyeupe kuliko zote alizowahi kuoka. Askofu akazisifu.

Wiki iliyofuata Baba Paroko aliingia chumbani kutafuta mshumaa, akaona kopo la unga wa mchele chini ya meza. Akauliza, na uso wake ulikuwa umeshaanza kulia. Mwanamke yule akajibu kwa maneno mawili, "Ni wifi."

Wifi aliitwa, akasimama, akamtazama. "Mungu anajua," akasema, "na wewe unajua." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Chama cha akina mama kilimfuta. Watu wakampa jina la Mchele, na walioitikia salamu zake waliitikia kwa pua. Alihamia upande wa pili wa mto, akaanza kushona magodoro. Baba Paroko alirudia Misa zote za nia za watu zilizosomwa kwa hostia zile, maana hazikuwa halali, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikamkauka.

Kwa miaka kumi na saba mwoka hostia aliendelea kuoka, kukata, na kukomunika kila Dominika akiwa na dhambi ile kifuani, na kila Komunyo ikawa kufuru juu ya kufuru. Kuungama aliungama, tena kwa bidii. Alimchagua padri mzee aliyekuja baadaye, mwenye sikio la kulia lililokufa kabisa, akawa anapiga magoti upande huohuo. Alimtajia kusengenya jirani na kusinzia kwenye rozari. Mara moja alijitahidi, akalinong'ona lile kubwa.

"Unasemaje, mwanangu?" padri akauliza.

"Nimesema nimesinzia, Padre."

"Pole. Wengi wanasinzia."

Akatoka na malipizi ya Baba Yetu tatu, akijaribu kujiambia kwamba alishasema, na kama Mungu hana sikio bovu basi alisikia. Lakini alijua anachokifanya. Anayeficha dhambi moja makusudi hasamehewi hata zile alizozitaja. Alianza kuogopa vitu vidogo: kupanda ngazi, kula samaki mwenye miiba, kuvuka barabara. Aliogopa kufa, maana alijua angekwenda wapi.

Mungu alimwokoa kwa mkono wa mama mkwe. Bibi huyo aliugua, akaomba padri, akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Komunyo. Saa nane mchana, familia ikiwa imejaa chumbani, na wifi amesimama karibu na mlango kama mgeni, bibi akafumbua macho akacheka.

"Mie nimemaliza kufua," akasema. "Na nyie kafueni zenu."

Akafa hivyo, meno yake mawili yakionekana. Mkwe wake alimtazama akaona wivu. Wengi huwaonea wivu wenye nyumba, yeye alimwonea wivu maiti.

Jumamosi iliyofuata, tarehe nne Oktoba, saa kumi alasiri, alikwenda kuungama. Kwenye foleni walikuwepo wanawake wanne na fundi baiskeli. Alipoingia alipiga magoti upande wa sikio zima, akaanza. Padri, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua na sikio lile nalo limeziba, akasema, "Paza sauti, mwanangu." Akapaza. "Sijasikia." Hapo yule mtoto aliyelia toka mlangoni hadi mlangoni akapata sauti yake.

"Ni mimi niliyetia unga wa mchele! Si wifi! Nimemsingizia miaka kumi na saba, na nimekomunika hivyohivyo!"

Nje foleni nzima ikasikia. Ndani padri alimwacha alie, kisha akampa ondoleo la dhambi polepole, kila neno likisikika. Akamwambia, "Mungu amekurudishia roho yako. Na wewe mrudishie mwenzako jina lake." Kwa sheria ya Kanisa, anayesikia maungamo ya mwingine hata kwa bahati mbaya amefungwa na siri. Toka saa kumi Jumamosi mpaka Misa ya Dominika, wanawake wanne na fundi baiskeli hawakumwambia mtu. Wanaotafuta muujiza wa kwanza wa maisha haya waanzie hapo.

Dominika, baada ya matangazo, aliomba kusema. Alisimama mbele akasema yote, kuanzia kifuniko cha pipa, bila kujitetea na bila kujipamba. Mumewe seremala alikuja akasimama pembeni yake. Kisha mwanamke akavuka mto peke yake, akamkuta wifi katikati ya chumba, pamba imetapakaa sakafuni.

"Wifi, nimekuja."

"Nimekuona. Kaa, usinikanyagie pamba."

"Nilikusingizia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nisamehe, wifi yangu."

Wifi aliendelea na mshono mpaka mwisho wa uzi, akakata kwa meno. "Miaka kumi na saba nakuombea ufe vizuri," akasema. "Ila kuna siku nilikuwa naishia kwenye 'ufe.' Hilo nimeshaungama." Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, kila mmoja alimtaja mwenzake. Walicheka mpaka wakalia, na magodoro ya watu hayakushonwa siku hiyo.

Wifi alirudi kwenye chumba cha hostia kwa kuombwa na chama kizima. Mwenzake aliacha kuoka kwa hiari yake, akajitafutia kazi ambayo hakuna aliyempa. Kila Jumamosi alikwenda foleni ya maungamo akiwa na mtu aliyeogopa, akamshika mkono na kumwambia, "Natangulia mimi. Nikitoka mzima, na wewe ingia." Ndipo wakamwita Mama Foleni. Alimpeleka muuza nyama ambaye alikuwa hajaungama miaka arobaini.

"Mama, nikisema zangu padri atazimia," mwanaume yule alimwonya.

"Zangu zilimfikia kiziwi, na yu hai. Twende."

Alitoka ameloa uso, akagawa maini bure siku nzima. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama, na mkewe hadi leo anamshukuru Mungu kwa zile wiki tatu. Wengine waliopita mkononi mwa Mama Foleni hawahesabiki: wauguzi, madereva, mama mmoja aliyetoa mimba akaamini hana Mungu tena, na karani wa mahakama aliyesema alikuja kumsindikiza rafiki.

Jehanamu aliisadiki, wala hakuitania. Toharani, mahali roho husafishwa kabla ya kuingia mbinguni, aliizungumzia kama mtu aliyetoka safari ya vumbi anavyozungumza juu ya maji ya kuoga. Kila Ijumaa aliwaombea marehemu wote waliokula hostia zake za mchele.

Alifariki tarehe nane Julai, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, wifi akimshika miguu. Padri kijana alimuuliza kama ana la kuungama. "Jipya sina," akasema. "Nataka nilitaje lile kubwa mara moja tena. Si kuungama, Padre. Nalishukuria." Akalitaja, akapokea Komunyo ya safari ya mwisho, akalala.

Tangu hapo foleni ya Jumamosi imerefuka hadi nje ya lango, na wapo wanaosema walipita makaburini bila nia yoyote, miguu ikawaleta kwenye foleni. Tumwige: lile moja linalokwama kooni, ndilo litangulie kutoka. Ila wasia wake nao usisahaulike, maana aliusema akiwa na akili zake zote: "Msikimbilie kuniita mtakatifu. Mkiniita hivyo mtaacha kuniombea, na mie nitakaa huko toharani nawasubiri, nimekasirika." Basi aliyemaliza kusoma na amwombee Salamu Maria moja, kwa sauti ya kusikika.