Viazi Vizima vya Melania

Melania alishuka Geita na kiroba cha viazi vitamu alivyochimba kwa mikono yake kule kijijini kwake Maganzo. Alivichagua kimoja kimoja, vyote vizima, bila jeraha wala tundu, maana siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa Wema, binti yake wa pekee.

Nyumba ilikuwa ya Masalu, baba yake Wema. Miaka kumi na miwili nyuma dhahabu ilimkubali Masalu, naye akamkataa Melania, akaoa Aneth. Sasa alikuwa amempigia simu: "Uje, lakini kiti cha mama atakaa Aneth. Wewe hata kusoma hujui, utatutia aibu." Melania alikuja hivyo hivyo. Alitaka wakwe wamjue aliyezaa.

Asubuhi hiyo gesi iliisha wali ukiwa umeiva, viazi bado vibichi, na wageni wameshapiga honi getini.

"Dada, tuvitie kwenye maikrowevu," Aneth alisema, akimwonyesha sanduku la umeme alilozoea kupashia chakula, na pa kubonyeza. "Dakika kumi tu, vitakuwa kama vya kuchoma. Ila uvitoboe kwanza kwa uma, kila kimoja mara tatu nne."

Melania alimtazama. Atoboe? Kwao kiazi chenye tundu ni kiazi cha mdudu. Kichungu, hata nguruwe hukinusa akakiacha. Leo apewe mkwe? Huyu amekwisha kunitwalia mume, aliwaza, sasa anataka wakwe waseme mama yake Wema kaleta viazi vya wadudu.

"Haya, nitatoboa," alijibu.

Aneth alipotoka kupokea wageni, Melania alivifuta viazi vyake, akavipanga vizima kama vilivyo, akabonyeza pale alipoonyeshwa.

Cha kwanza kilipasuka kama baruti ya mgodini. Cha pili kikafuata, cha tatu kikasukuma mlango wa sanduku ukafunguka, na uji wa viazi ukaruka mpaka ukutani. Watu wakajaa mlangoni, mbele yao Bernadina, mama wa bwana harusi mtarajiwa.

"Jamani, huku kwenu mnalipulia miamba jikoni?" aliuliza, na wanawake wakacheka.

Melania hakungoja kuulizwa. "Mwulizeni huyu!" Alimnyooshea Aneth kidole. "Yeye ndiye kaniambia nivitie humo! Kafanya makusudi. Kaniharibia ndoa, sasa ananiharibia hata chakula cha mwanangu!"

Kicheko kilikatika. "Si nilisema mimi?" Masalu alinguruma. Wema aliinamisha kichwa.

Aneth alisogea na kitambaa. Ndani ya sanduku kilibaki kiazi kimoja ambacho hakijapasuka. Alikigeuza upande huu na huu, ngozi nyororo, hakuna alama hata moja ya uma. Alimtazama Melania, na Melania akajua kwamba amejua. Alisubiri asemwe. Ilikuwa haki.

"Kosa langu, mama," Aneth alimwambia Bernadina. "Hivi hutobolewa kwanza. Sikumwambia dada."

Miaka yote ile Melania alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya: kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Alifungua mdomo aseme ukweli. Akakiona kile kiti cha mama kupitia mlango wa sebuleni, akafunga mdomo.

"Mambo ya umeme yasikuumize kichwa, mzazi mwenzangu." Bernadina alimshika mkono. "Aliyezaa ni wewe. Twende ukakae na mimi."

Masalu hakuweza kumbishia mgeni. Melania alikalishwa palepale alipopataka, na vijana wa upande wa pili wakapita mmoja mmoja wakimpigia magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mgonjwa. Jikoni alimwona Aneth amepiga magoti vilevile, akikwangua viazi vilivyogandia sakafuni. Mtu akamwuliza Melania mbona hanywi soda yake. Akasema anakunywa, akaishika, macho yake chini.